Meli ya Mwenda Ambayo Haikucheleweshwa

Kampuni inayotengeneza mchezo wa mtandaoni uitwao Astravo ilitangaza rasmi, Alhamisi moja ya Julai, kwamba mchezo haujacheleweshwa. Ratiba, ilisema taarifa, ndiyo iliyokuwa na haraka. Meli kubwa ya mizigo waliyoahidiwa wachezaji haijafutwa, imepumzishwa tu. Na imani ya wasimamizi wa kujitolea, watu wanaoujua mchezo kuliko yeyote, haijawahi kuwa kubwa kama ilivyo sasa.

Naftaly Mwenda aliisoma taarifa hiyo kwenye simu, pale Muthara, Tigania, akiwa amekalia gunia, majani ya mgomba mbele yake na miraa mapajani. Kazi yake ni kufunga miraa. Inachumwa asubuhi, inafungwa kabla jua halijawa kali, na ikikosa gari la siku hiyo inakuwa lishe ya mbuzi, na mbuzi wa Tigania nao wana masharti yao. Katika biashara hiyo mzigo haupumzishwi. Mtu akikwambia mzigo wako umepumzika, tafuta jembe uufukie.

Labda ndiyo maana aliipenda Astravo. Kule angani mchezaji hujichagulia kazi, na wengi huchagua vita. Mwenda alichagua uchukuzi. Kwa miaka alihamisha masanduku ya dawa kutoka sayari moja hadi nyingine kwa chombo kidogo kinachoyumba kama mkokoteni, na hajawahi kufika baada ya saa aliyopewa. Meli kubwa ilitangazwa mwaka aliozaliwa binti yake, Karambu, aliyepewa jina la nyanya yake. Mwenda akaichagulia meli jina hilohilo. Meli ikabaki picha. Binti sasa anafanya hesabu za kugawanya shuleni.

Wafungaji wenzake hawakumwacha apumue.

"Kaptula, ile ndege yako imefika?"

"Ni kapteni. Na si ndege, ni meli."

"Meli ya angani! Basi imeshikwa na polisi hapo Isiolo. Tuma mtu na kitu kidogo."

Alivumilia yote hayo kwa sababu ya Njoka.

Njoka ni mwalimu wa kompyuta kule Marimanti, Tharaka. Ndiye aliyemwingiza Mwenda katika mchezo, na baadaye mwenyewe akapanda cheo akawa msimamizi wa kujitolea kwenye jukwaa la wachezaji. Lakini uzito wake haukutoka huko. Ukoo wa Njoka na ukoo wa Mwenda ni gichiaro, udugu wa kiapo walichokula mababu. Gichiaro wako akiomba mbuzi, unamfungulia mbuzi. Hagombezwi, hanyimwi chakula, hadanganywi; na kwa kuwa hawezi kukudanganya, wewe nawe huendi kupeleleza neno lake, maana huko ni kumtukana.

Basi kila Krismasi Mwenda aliuliza, "Itakuja?" Njoka akajibu, "Itakuja." Biashara ikaisha hapo. Wachezaji wa nchi nyingine walichimba nyaraka, wakapima picha, wakatukana kwa lugha saba. Mwenda aliwahurumia. Maskini, watu wasio na gichiaro.

Jioni ya siku ya taarifa ikafuata video. Mkurugenzi, kijana mwenye shati jeusi na uso wa mtu aliyelala vizuri, aliwashukuru wasimamizi ambao, alisema, waliambiwa tangu mwaka juzi kwamba meli ya mizigo imeondolewa kwenye mpango, wakaitunza siri hiyo kwa heshima kubwa. Majina yakapanda kwenye kioo. Mwenda aliona la Njoka. Alirudisha video nyuma akaliona tena.

Jumamosi Njoka alikuja Muthara kama walivyokuwa wamepatana. Mwenda alimpokea mkoba mlangoni, akachinja jogoo. Hakuwa na la kufanya. Desturi haina kifungu cha gichiaro aliyekusaliti, kwa sababu haikuwahi kumtarajia. Alimwekea mgeni paja la kuku juu ya mukimo wa viazi na mahindi, akaketi, akanyamaza.

Mkewe, Kendi, hakunyamaza.

"Karibu kuku, mwalimu. Huyu amefika kwa wakati."

Njoka akacheka, akajikuta anacheka peke yake. "Mama Karambu, naona umekasirika."

"Mimi nimezaliwa Kiirua. Ukoo wetu haujala kiapo chochote na nyinyi. Mimi ninaruhusiwa."

"Kendi," Mwenda akasema.

"Wewe kula. Mwalimu, ulijua?"

Njoka alirudisha paja kwenye sahani. "Nilijua. Walinifanya nitie sahihi. Walisema nikitoa neno nitaondolewa."

"Uondolewe wapi? Angani?"

"Kwenye usimamizi."

"Na usimamizi wanakupa nini?"

"Beji," Njoka akasema, taratibu. "Inakaa kando ya jina."

Kendi alimtazama mumewe ili ahakikishe naye amesikia. "Babu zenu walichinja kondoo wakaapa. Huyu ameuza kiapo kwa beji, na hata huwezi kuishona kwa shati."

"Gichiaro," Njoka akamgeukia Mwenda, "nilifikiri watabadilisha nia kabla hujajua. Nikasema, kwa nini nimuumize bure?"

Mwenda alitaka sana kukasirika. Alikumbuka hiyo miaka miwili ya vicheko juu ya magunia, na jinsi alivyowajibu wenzake kwa kiburi kwamba ana mtu ndani. Maneno yalimjaa kinywani, mazuri, ya Kimeru, na hakuna hata moja aliloruhusiwa kumwambia mtu huyu. Akachukua kijiko, akamwongezea mchuzi.

"Nina swali moja," hatimaye akasema. "Na unijibu kama gichiaro, si kama msimamizi."

"Uliza."

"Taarifa inasema imani yenu wasimamizi haijawahi kuwa kubwa kama sasa. Mimi leo nikiingia kule na mzigo wangu, nitakukuta?"

Njoka alimwangalia Kendi kana kwamba msaada ungetoka huko. Kendi alikuwa anamenya chungwa.

Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa ameulizwa kwa kiapo, akasema kweli. Alikuwa ameufuta mchezo kwenye kompyuta yake Machi mwaka jana.