Kidonge cha Pili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwangu mtaa wa Ramadhani hadi sokoni Njombe mjini nahesabu ni safari. Nikienda Makambako kwa dada yangu naaga majirani kama naenda ng'ambo. Kwa hiyo hedhi ilipokoma, niliona haki yangu kuletewa ugonjwa wa kukaa ndani. Badala yake mwili ulinifukuza nje. Mwezi wa saba, Njombe nzima imejikunyata kwenye majiko ya mkaa, mimi nimesimama uani na kigauni chepesi, jasho linanitiririka. Majirani wakauliza nimegombana na nani huko ndani.

Hospitalini daktari, binti mwenye sauti ya upole, alinipima presha, akaniuliza habari za matiti, ini, na kama damu iliwahi kunigandia mguuni. Kisha akaniandikia dawa mbili za homoni.

"Hiki cha estrojeni asubuhi, kimoja tu. Hiki cha projesteroni wakati wa kulala, kinaleta usingizi. Ni mapacha hawa, mama. Usiwatenganishe."

Nikaitikia kama mwanafunzi wa dawati la mbele, ambaye sikuwahi kuwa.

Baada ya wiki chache jasho likakata. Nikampigia dada kumtambia.

"Viwili?" Dada akacheka. "Mbona mimi nameza kimoja tu tangu ile operesheni ya uvimbe? Hichohicho cha asubuhi. Wamekuona mshamba, wamekujazia."

Na kweli kile cha pili kilikuwa kinaniamsha nimelewa. Nilishatia chumvi kwenye chai mara mbili. Dada ni mkubwa wangu, anauza masweta ya mtumba Makambako, na hajawahi kupunjwa na mtu. Nikakiacha. Pakiti nikaisukuma nyuma ya kopo la majani ya chai, mimi niliyemaliza kidato cha nne nikijisifia baiolojia.

Mwezi wa tano wa ujanja huo nikaona damu, na hedhi ilikuwa imeniaga zaidi ya miaka miwili. Siku ya kwanza, nisidanganye, nilijiona kijana. Nilienda kununua pedi, muuza duka akauliza, "Za binti?" Nikamjibu, "Za mteja asiyependa maswali." Siku ya sita nilikuwa sicheki tena.

Daktari yuleyule alinipima kwa ultrasaundi.

"Ukuta wa ndani wa kizazi umenenepa. Mama, kile cha kulalia unameza?"

Nikatazama kalenda ukutani. "Dada yangu anameza kimoja na hana shida."

"Dada yako ana kizazi?"

Swali gani hilo! "Alitolewa uvimbe."

"Uvimbe peke yake, au pamoja na kizazi? Muulize."

Akanieleza taratibu. Estrojeni ikiwa peke yake inaukuza ule ukuta bila breki. Projesteroni ndiyo breki. Aliyetolewa kizazi hana ukuta wa kulinda. Mwenye nacho akiiacha breki, ukuta unazidi kunenepa na unaweza kuishia kwenye saratani. Akachukua kipande kidogo kikapimwe, zoezi ambalo sitalisimulia, ila nilimkumbuka kila mtu niliyewahi kumkosea. Majibu wiki mbili. Estrojeni nisimamishe kwanza.

Nikatoka nje, nikampigia dada. "Kamwene," nikamsalimia, nikaendelea kwa Kibena ili watu wa kwenye benchi wasielewe, kana kwamba Njombe kuna asiyejua Kibena. "Dada, ile operesheni. Walitoa uvimbe tu, au na nyumba ya mtoto?"

Nikasikia upepo wa Makambako kwenye simu. Mtu akauliza bei ya sweta, dada hakumjibu. Hapo ndipo nilipoogopa. Dada yangu haachi mteja apite.

"Nyumba yote," akasema mwishowe. "Nilisema uvimbe kwa sababu ukweni wangeniita ganda tupu. Anajua shemeji yako tu."

"Nimeacha kidonge cha pili, dada. Kwa lile neno lako. Natoka damu."

"Mungu wangu, mdogo wangu."

Wiki mbili hizo jasho lilirudi, nikarudi uani. Dada alipiga simu kila siku, na hakunitania hata mara moja. Ningependa anitukane.

Siku ya majibu alifunga biashara akaja. Tukakaa kwenye benchi, akanishika mkono.

"Dada, unatetemeka."

"Baridi."

"Umevaa masweta matatu."

Daktari akafungua karatasi. Ukuta ulikuwa umenenepa, lakini saratani haikuwamo. Nimeze projesteroni miezi kadhaa, nipimwe tena, ndipo tuzungumze habari ya estrojeni, na dozi iwe ndogo kadiri itakavyonitosha. Nikainuka kuaga.

Dada hakuinuka. Mlango ulikuwa wazi, foleni nzima inatusikia. "Na mimi, daktari? Nilitolewa kizazi. Kimoja changu ni sawa?"

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Siku hizi anapiga simu ninapojiandaa kulala. "Mwenye nyumba, umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Mwongo. Meza nisikie."

Namsogezea simu kooni, nagugumia maji kwa makelele kama ng'ombe. Ndipo anakata.