Mwiba Uliobaki Wazi: Kaltuma na Safari Yake ya Ziwani

Saa tatu asubuhi. Jua limeshakuwa kali, na Kaltuma Halkano anawapanga wageni wake mstari mmoja kama watoto wa chekechea. Ni akina mama wanne wa chama kimoja kutoka Thika, wote wamevaa fulana za rangi ya machungwa, wanacheka na kusukumana. Kaltuma hacheki.

"Hapa tunapita mmoja nyuma ya mwingine," anawaambia. "Kulia ni shamba ya watu. Kushoto ni shamba ya watu. Katikati ndio njia. Mguu yako isitoke."

Njia hiyo inaitwa malka. Ni ukanda wa ardhi unaoachwa katikati ya mashamba ya Wapokomo ili ng'ombe wa Waorma washuke kunywa maji. Ukitaka kuona watu wa Tana River wakikunja uso, waulize malka fulani ina upana gani.

Mdomoni mwa malka pamelazwa tawi kubwa la miiba. Kaltuma analishika, analivuta kando, wageni wanapita, naye anafuata. Mwandishi wa makala haya anapita pia, macho yakiwa kwenye maji yanayong'aa huko chini, wala haoni kasoro yoyote. Kasoro ipo, tena kubwa, na nusura ilete balaa.

Kaltuma ana umri wa miaka thelathini na minne na ni mama wa watoto watatu. Kila Alhamisi huwapokea wageni Garsen na kuwarudisha jioni. Asubuhi wanakunywa chai ya maziwa kijijini kwao Bula Dima na kuona jinsi wanawake wa Kiorma wanavyojenga nyumba kwa fito na nyasi. Kisha wanashuka ziwani, wanavuka kwa mtumbwi, na chakula cha mchana wanakula Mikameni, kijiji cha Wapokomo kilicho ng'ambo. Huko kuna wali, ndizi na kambare wa nazi ambaye hata asiyependa samaki huomba aongezwe.

Ziwa lenyewe lilikuwa Mto Tana. Zamani mto ulipita hapo, ukabadilisha njia, ukaacha maji nyuma na kwenda zake.

Kila mgeni hulipa shilingi elfu moja na mia tano, zinazogawanywa kati ya vijiji viwili, mwenye mtumbwi na Kaltuma mwenyewe. Si pesa za kujengea ghorofa. Lakini ndizo zinazomweka shuleni bintiye mkubwa, Abdia.

Abdia ndiye aliyekuwa mgongoni mwake mwaka wa 2012, wakati wa yale machafuko ya wafugaji na wakulima ambayo watu hapa huyataja kwa sauti ya chini. "Nilikimbia mpaka Garsen, sina hata kiatu," anasimulia Kaltuma. "Mtoto analia, mimi namziba mdomo tusisikiwe. Mpaka leo nikikumbuka hiyo, nalia."

Kwa hiyo alipowaendea wazee wa pande zote mbili na wazo la kuwapitisha wageni kijiji hiki na kile kwa siku moja, wapo waliodhani amechanganyikiwa. Vikao vilikuwa vingi na chai ilinywewa sana. Mwishowe walimkubalia kwa sharti moja: siku safari yake itakapoleta ugomvi, ndiyo itakuwa siku yake ya mwisho.

Tena, kama kila mtu hapa, ilimbidi aheshimu mwafaka wa malka. Wakati wa kiangazi, njia hufungwa kwa mwiba. Mpita njia anaweza kuusogeza apite, mradi aurudishe. Alasiri wenye mashamba husimama pande zote mbili kulinda mazao yao, ndipo wanauondoa. Mfugaji akiukuta mwiba kando, anajua walinzi wako mahali pao na ng'ombe wameruhusiwa kushuka.

Sasa tuko majini. Mtumbwi ni wa Hiribae, Mpokomo wa makamo ambaye mdomo wake haupumziki hata kafi likipumzika.

"Mzee, hao viboko wanauma?" mwenyekiti wa chama anamuuliza, simu mkononi.

"Wakuume kwa nini, mama? Wao wanapindua tu. Kazi iliyobaki ni ya mamba."

Akina mama wanaangua kicheko. Mwandishi huyu, ambaye hajui kuogelea, anajisogeza katikati ya mtumbwi.

Kaltuma amegeuka, anatazama tulikotoka. Juu ya uwanda, nyuma ya Bula Dima, vumbi jekundu limesimama angani na linakuja upande wetu. Ni ng'ombe. Lakini ng'ombe hushuka alasiri, na hii bado ni asubuhi.

Anaanza kumwambia Hiribae jambo, halafu anakatiza maneno. Uso wake unabadilika. Anamwita mwenye mtumbwi kwa sauti isiyofika kwa wageni.

"Hiribae, geuza."

"Nigeuze niende wapi? Chakula kiko ng'ambo."

"Geuza, kaka yangu. Mwiba nimeiacha wazi."

Kafi linasimama. Shamba la upande wa kulia wa malka ni la Nuriya, shemeji yake Hiribae. Mafuriko yalimchukulia mpunga wote, na mahindi anayoyamwagilia kwa ndoo kutoka ziwani ndiyo chakula pekee alichonacho mwaka huu. Saa hizi hakuna mtu yeyote aliyesimama kuyalinda.

"Umeniua, Mama Abdia," anasema Hiribae. Kisha anageuza mtumbwi.

Baadaye Kaltuma alinieleza ilivyokuwa. Mkulima akipita penye mwiba, hugeuka na kufunga nyuma yake. Mtoto wa mfugaji amekua na mwiba wa zizi, ambao asubuhi huvutwa kando na kuachwa hivyo hadi jioni ng'ombe wanaporudi. "Mwaka yote nafunga, kwa sababu nafikiria," alisema. "Siku hiyo nilikuwa naongea na wageni, sikufikiria. Mkono ikafanya kama nyumbani."

Kurudi hakukuwa rahisi. Viboko walikuwa wamehama na kujipanga kati yetu na ufuko, na Hiribae alilazimika kuwazunguka kwa mbali, polepole, bila kuchapa maji. Akina mama wa Thika waliacha kucheka wenyewe bila kuambiwa. Vumbi lilikuwa limeshafika mdomoni mwa malka. Tuliwasikia ng'ombe wakilia kwa kiu, na kila mlio ulimfanya Kaltuma afumbe macho.

Aliruka kabla mtumbwi haujagusa nchi kavu. Maji yakamfika kiunoni, akapanda, akakimbia akiwa amekunja dera lake mkononi. Mwandishi huyu alimfuata, akijuta sigara zote alizowahi kuvuta.

Ng'ombe walikuwa wameshashuka nusu ya njia. Wa mbele walikwenda moja kwa moja majini, lakini wa pembeni walikuwa wameona kijani. Karibu kumi walikuwa ndani ya mahindi ya Nuriya, wanavuta na kukanyaga. Nyuma ya kundi alikuwa Jarso, mdogo wake Kaltuma, akipiga mbinja na kurusha fimbo bila mafanikio. Kisima chao uwandani kilikauka alfajiri, akaona heri ajaribu bahati yake mapema. Alipokuta mwiba kando, alimshukuru Mungu akaingia.

Nuriya alitokea upande wa pili na panga. Nyuma yake walikuja wanaume watano, sita, kila mmoja na alichokiokota. Kutoka juu ya uwanda vijana wengine wa Kiorma nao waliteremka mbio.

"Mmeingiza ng'ombe kwangu mchana kweupe!" alipiga kelele Nuriya.

"Mwiba ilikuwa wazi!" alijibu Jarso. "Nyinyi mmefungua, sasa mnapigia sisi kelele?"

"Nani kafungua? Nilifunga mimi kwa mkono wangu huu!"

"Unasema uongo, mama!"

"Mimi mwongo? Mimi?"

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na ndiyo maana ilitisha. Kila upande uliamini umedanganywa, na kila mtu alikuwa amekaza mkono kwenye chuma chake au fimbo yake. Hiribae alikuwa bado chini, anawashusha wageni. Kaltuma angeweza kukaa kimya, na pengine hakuna ambaye angemshuku.

Alipenya katikati yao, dera likichuruzika maji.

"Ni mimi," alisema. "Mama Nuriya alifunga. Jarso akakuta wazi. Mimi nilipita na wageni, sikurudisha."

Jarso alimwambia neno kwa Kiorma, kwa ukali. Alikuwa anamwamuru anyamaze, asiiaibishe familia mbele ya watu. Kaltuma aliyarudia maneno yale yale kwa Kiorma, ili vijana waliokuwa wakiteremka wayasikie vizuri. Kisha akayasema kwa Kipokomo. Hakuna aliyejua la kufanya na kile alichoshika mkononi.

Nuriya ndiye aliyesogea kwanza. Alimtupia macho Kaltuma, macho ya kumchoma mtu, akapita, akaanza kuswaga ng'ombe aliyekuwa karibu naye kwa ubapa wa panga. Mzee mmoja wa Kipokomo akamfuata. Jarso akaingia upande wa juu. Muda si mrefu, watu waliokuja kupigana walikuwa wanaswaga ng'ombe pamoja na kutukanana kawaida tu.

Akina mama wa Thika walikula kambare wao jioni, wakarudi na picha chache. Mwenyekiti wao alimkumbatia Kaltuma kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata wazee wa pande mbili walikaa, na sharti likafuatwa kama lilivyotamkwa. Safari ikasimamishwa. Wapo waliotaka isirudi tena. Inasemekana Nuriya, ambaye alikuja kikaoni kudai mahindi yake, ndiye aliyewanyamazisha.

"Angefunga mdomo siku ile, leo tungekuwa matangani," aliwaambia. "Mahindi yangu atayapanda yeye mwenyewe. Yakinifika magotini, alete wageni wake. Yasipofika, basi."

Ndiyo maana nilipomtembelea Kaltuma tena nilimkuta ameinama na jembe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Jembe lilikuwa limemchubua viganja. Nuriya alikuwa amesimama juu yake akimkosoa.

"Hivyo unachimba kaburi, hupandi mahindi! Dada wewe, shimo la mbegu ni kidole!"

"Kidole yako au yangu?" aliuliza Kaltuma, na Nuriya akageuza uso ili asionekane anacheka.

Miche ya mbegu za kwanza ilikuwa imeshachomoza, mingine dhaifu. Kila asubuhi Kaltuma huteka ndoo ziwani huku Hiribae akimwangalizia mamba. Mapato ya Alhamisi yamekatika, na ameshaomba shule ya Abdia imvumilie. Lakini lililomuumiza zaidi lilikuwa jingine. "Jarso hanisalimii," alisema. "Anasema nimechagua watu wengine mbele ya damu yangu. Mimi sikuchagua mtu. Nilisema tu kitu nilifanya."

Alasiri hiyo walinzi walijipanga pembeni na ng'ombe wakaanza kushuka. Kaltuma alitupa jembe, akaenda kusimama bega kwa bega na Nuriya, ameipa miche mgongo na amewakabili ng'ombe wa baba yake mwenyewe, mikono ameitandaza. Jarso alikuja nyuma ya kundi, macho chini.

Ndama mmoja alichepuka, akanyoosha shingo kupita chini ya mkono wa Kaltuma, akaufikia mche. Jarso aliwahi. Alimshika sikio, akamvuta na kumgombeza kwa Kiorma, halafu akaendelea kushuka na wenzake bila kugeuka.

Kaltuma aliificha sura yake kwa mtandio. Nilimuuliza ndama ameambiwa nini.

"Amemwambia, 'Wacha hiyo, ni ya dada yangu.'"

Alijifuta machozi, akaokota jembe. "Wageni wakirudi," alisema, "chai ya asubuhi watakunywa kwa Jarso. Hajui bado. Nitamwambia mwenyewe."