Fundi Eustace na Mafiga ya Mabibi Watatu

Hapana, ile siyo zahanati. Wala siyo gesti, ingawa juzi kijana mmoja wa mjini alipiga hodi pale akauliza chumba bei gani. Ile nyumba ndefu yenye baraza, ukishavuka kijito cha Kilunda, juu kidogo ya matuta ya njegere, ni nyumba ya wazee. Na huyo unayemwona anazunguka uani na pimamaji mkononi, wakati nyumba yenyewe imeshakwisha, ndiye aliyeijenga. Anaitwa Eustace.

Ni saa nne asubuhi, Jumamosi. Ukungu umeshapanda umeacha matuta wazi, kabichi zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Jikoni jogoo wawili wanachemka na ndizi, na leo ndiyo siku wazee wanahamia.

"Nimejenga nyumba za watu kule mjini Kihonda mpaka sikumbuki ngapi," anasema Eustace. Anaweka pimamaji juu ya ukuta wa baraza, anachungulia, anaitoa tena. "Unamaliza, unakabidhi funguo, unakwenda zako. Sijawahi kuogopa. Leo naogopa, maana mwenye nyumba ni mama."

Mama yake ni Bibi Esther, na habari yote ya nyumba hii inaanzia kwake.

Masika ya mwaka juzi Bibi Esther alishuka jioni kuchuma figiri, akateleza kwenye tuta, mguu ukagoma. Mvua inanyesha, kijito kinanguruma, utapiga kelele akusikie nani? Kulipopambazuka jirani akatazama ng'ambo akaona moshi hautoki kwa Bibi Esther. Huku milimani moshi ndiyo salamu ya asubuhi. Ukiuona kwa mwenzio unajua kaamka. Usipouona, unavaa kandambili unakwenda. Ndivyo alivyopatikana, ana baridi, ana matope, na amekasirika kwa sababu figiri zake zimekanyagwa.

Eustace alipopata simu alikuwa juu ya jukwaa anapiga ripu. Kazi yake ni ya kutwa, elfu ishirini na tano kazi ikiwapo, na isipokuwapo anarudi nyumbani na mwiko wake mkavu. Aliacha kila kitu akapanda mlima, akamchukua mama akakae naye Kihonda.

Alikaa wiki tatu. Hakulalamikia chakula, hakulalamikia mkamwana. Alilalamikia ardhi.

"Tambarare!" anasema Bibi Esther mwenyewe, mpaka leo akilikumbuka anatikisa kichwa. "Mji mzima umelala chali kama mgonjwa. Sijui hata macho niyaweke wapi. Nikamwambia mwanangu, nirudishe, nikianguka nianguke kwetu."

Hapo ndipo Eustace alipokaa akafikiri. Kumwacha peke yake hawezi. Kuacha kazi hawezi. Kumleta mjini ameshaona. Na mama siye peke yake. Kuna Bibi Modesta, watoto wote wako Dar es Salaam. Kuna Bibi Catherine, macho yamefifia. Kuna Babu Yohana, aliyefiwa na mke, ambaye mwaka mzima alikuwa anakula mihogo ya kuchoma kwa sababu ndiyo anayojua kupika. Kila mmoja kwake, kila mmoja kwenye mteremko wake.

"Nikasema, kwa nini tusiwaweke pamoja, huku huku kwao, na mtu wa kuwatazama?"

Kusema ni rahisi. Bibi Modesta ndiye aliyeanza kulibeba jambo. Huku ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na lukolo lake lilikuwa na kipande kilicholala vizuri kwenye bega la mlima. Wajomba wakaitwa, wakakaa, wakanywa togwa, wakakubali. Jumuiya ya kanisani ikafyatua tofali. Walioko mjini wakachanga bati na saruji. Muuguzi wa zahanati akaahidi kupita kila wiki, na wanawake wa jumuiya wakapangana zamu za kulala pale.

Basi Eustace akaanza kupima. Na hapo, kwa kweli, mtu apewe sifa yake. Hakupima kiwanja kwanza, alipima wazee. Alikwenda kwa kila mmoja amebeba tofali, anazipanga, anamwambia kaa, simama, kaa tena, ili ajue kitanda kiwe na kimo gani.

"Alinikalisha kwenye tofali kama chungu," anasema Babu Yohana. "Ya kwanza nikakaa, kusimama nikashindwa. Nikamwambia, fundi, hapa umenizika, ongeza."

Mlangoni hakuna ngazi. Milango mipana, fimbo na mwenye fimbo wapite pamoja. Ukutani, kutoka kitandani mpaka chooni, ameweka mti laini wa kushikilia, ili Bibi Catherine aende kwa mkono pale macho yanapogoma. Na baraza ameielekeza kwenye matuta, kwa amri ya Bibi Modesta.

"Nisipowaona wajukuu wanavyolima," alisema, "nitawagombezaje?"

Jikoni akajenga jiko moja kubwa la kisasa, lina bomba la kutoa moshi na halimchomi mtu macho. Akamtafuta na mpishi, Hafidha, Mzaramo aliyeolewa na Yunusi, yule dereva aliyepandisha saruji. Mwanamke wa maneno mengi na mkono mtamu. Eustace aliuliza kila kitu. Kitanda, choo, dirisha. Kitu kimoja tu hakumwuliza mtu, na hakukijua mpaka leo hii, saa nne na ushee, Bibi Modesta alipotokea kwenye kona.

Anatembea polepole na fimbo yake. Nyuma yake wajukuu, mmoja na godoro, mmoja na sanduku, wa mwisho amejitwika beseni, shingo imeingia mabegani kwa uzito.

"Shikamoo bibi. Beseni lina nini tena?" anauliza Eustace.

"Marahaba. Mafiga yangu."

Mawe matatu, meusi kwa masizi ya miaka. Eustace anacheka. "Bibi, jiko lipo! Mafiga ya nini?"

Bibi Modesta hacheki. Anateremsha mawe yake uani, anakaa juu ya moja. Mara Bibi Catherine huyo, anaongozwa kwa mkono, na nyuma yake mawe matatu kwenye kiroba. Eustace anageuka, anamwona mama yake mzazi anapanda njia, na mjukuu amekumbatia jiwe tumboni, wengine wawili wanamfuata vilevile.

"Mama, hata wewe?"

"Hata mimi nini? Mimi si mwanamke?"

Wakakaa watatu, kila mmoja na mawe yake, migongo imenyooka. Hafidha akatoka jikoni na mwiko akasema chakula tayari. Hakuna aliyenyanyuka, isipokuwa Babu Yohana, na yeye akatazamwa vibaya akakaa.

Bibi Modesta ndiye aliyesema. "Eustace, nyumba nzuri. Mungu akubariki mikono. Lakini mwanamke asiye na moto wake ni mgeni. Na mgeni, siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Mimi jembe siliwezi tena, baba. Sasa siku ya tatu mtanipa nini?"

Eustace akakuna kichwa. Akaona kosa lake lilivyo. Alipima magoti, mikono na macho, lakini moto hakuupima. Mwanamume, kwake yeye moto ni mahali pa kuivishia ugali.

"Basi nawajengea," akasema haraka. "Mafiga matatu hapa, matatu pale, matatu kule. Kila mtu na moto wake."

Kumbe amezidisha ugomvi. Nani akae karibu na mlango? Bibi Catherine asiyeona vizuri, au Bibi Modesta mwenye ardhi? Na Babu Yohana ale kwa nani?

"Mimi msinihangaikie," akasema Babu Yohana. "Mioto ikiwa mitatu, nitakula mara tatu. Hasara yangu iko wapi?"

"Nyamaza wewe, muhogo!" akasema Bibi Catherine.

Watu wakacheka, lakini Eustace hakucheka. Akachuchumaa mbele ya mama yake. "Mama, mkipika mbalimbali, kila mtu na kona yake, si ndiyo yale yale? Tumewaleta pamoja ili mmoja asipoamka mwenzake ajue."

Bibi Esther akamtazama mwanawe kwa huruma, lakini akajibu vilevile. "Mimi nakuambia. Wenzangu wakikaa, nakaa. Wakirudi, narudi kwenye mteremko wangu. Na mgeni sitakuwa, nilishakuwa Kihonda."

Wajukuu wakaanza kutazama magodoro kama watu wanaojua watayabeba tena. Eustace akashika pimamaji, akaiachia. Miaka miwili ya tofali, na ilikuwa inashuka mlima mbele ya macho yake.

Hapo Hafidha akatupa mwiko kando, mikono kiunoni.

"Jamani Waluguru! Tangu nizaliwe sijaona kuku wazee wanaatamia mawe! Mnangoja yaangue nini? Vifaranga vya kokoto?"

Sasa ujue Wazaramo na Waluguru ni watani. Mtani anakutukana msibani na unamshukuru. Akichukua kitu chako huwezi kukasirika, ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka mpaka Mikese.

"Mzaramo wewe, rudi pwani ukale nazi!" akajibu Bibi Modesta.

"Nitarudi na mzigo!" Na kabla hajamaliza kusema, Hafidha alishampokonya jiwe moja. Akamfuata Bibi Catherine, akamtoa jiwe chini ya kanga yake. Akamfuata Bibi Esther, naye kachukuliwa lake.

"Mwizi! Mshikeni!" wanapiga kelele mabibi, na hakuna anayemshika, maana nani atamshika mtani?

Akayatupa matatu chini katikati ya ua, akayasogeza kwa mguu mpaka yakakaa. Moja la Modesta, moja la Catherine, moja la Esther. Akarudi, akaiba mengine, akapanga moto wa pili vilevile. Akarudi tena. Mawe tisa, mioto mitatu, na kila moto una jiwe la kila bibi.

"Haya!" akasema anahema. "Huu wa ugali, huu wa mboga, huu wa chai. Sasa nionesheni mwenyewe nani na mgeni nani. Anayetaka kususa abebe jiwe lake aende nalo. Chungu kitaegemea wapi, atajua mwenyewe, na wenzake watamlaumu kwa mchuzi uliomwagika!"

Bibi Catherine akainuka, akajikongoja kwa fimbo mpaka kwenye mafiga, akainama akapapasa. Akaligusa jiwe moja, akatabasamu. "Hili langu. Lina pengo." Akapapasa jingine. "Hili la nani?"

"Langu," akasema Bibi Modesta.

"Limechongoka kama ulimi wako."

Bibi Modesta akajaribu kununa. Akabana midomo, akatazama mlima, akatazama mbingu. Halafu mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika mbavu, na alipocheka yeye, ua mzima ukacheka.

Kuni zikaletwa. Kila bibi akasukuma kijinga chake kutoka upande wake. Hafidha akatoa sufuria kwenye jiko la kisasa, akaitua juu ya mafiga, ati chakula kipate moto wa wenyewe. Moshi ukapanda, ukapita juu ya bati jipya, na ng'ambo ya kijito mtu mmoja akapiga yowe la furaha. Ameuona.

Eustace sasa ana mpango mpya. Anataka kuezeka kibanda juu ya yale mafiga, kuta nusu, upepo upite, kabla ya masika. Jiko la kisasa litabaki la maji ya kuoga. Na wazee wa kitongoji cha juu wameshatuma salamu, wanataka nyumba yao.

"Nitawajengea," anasema. "Ila safari hii nitaanza na kuuliza moto. Kitanda baadaye."

Mikeka imetandikwa barazani, viti vya wazee vimepangwa kutazama matuta. Babu Yohana ameomba baraka kwa ufupi, tumbo linamharakisha, na Hafidha amesema bismillah yake. Sinia za ndizi na jogoo zimefika, njegere, ugali unatoa mvuke. Wote wamekaa, isipokuwa fundi, ambaye yuko mlangoni anapima kizingiti alichokipima jana.

"Eustace," anaita Bibi Esther. "Weka chini hilo dubwana uje ule."

"Nakuja, mama, namalizia tu..."

"Kaa! Hapa kwetu leo mgeni ni wewe." Anamsogezea maji ya kunawa. "Kula vizuri. Keshokutwa tunakupa jembe."

Eustace anaweka pimamaji ukutani, ananawa, anakaa kando ya mama yake, na anamega tonge la kwanza.