Kabla Baa Hazijafunguliwa

Ukitaka kujua umri wa Truphena Mong'ina, usimuulize yeye. Nimeuza mitumba kando ya ndizi zake sokoni Migori kwa miaka mingi, na kila nilipomuuliza alinipa jibu lililomfaa siku hiyo. Kwenye matanga alikuwa mkubwa kuliko sisi sote, maana wakubwa hupakuliwa kwanza. Kwa daktari alikuwa bado mbichi, asije akaambiwa ana magonjwa ya wazee. Kitambulisho chake kilisema sitini na miwili. Kitambulisho hicho kilikuwa kinadanganya, na aliyekifundisha kudanganya ni yeye mwenyewe.

Hakuwahi kuona aibu kulieleza. Alipoolewa kule Kisii, alikuwa mke mdogo kuliko wote katika boma, na mke mdogo ndiye anayetumwa: maji ni yeye, kuni ni yeye, kuku akipotea anaitwa yeye. Siku ya kuandikishwa kitambulisho akamtajia karani mwaka wa uongo, akajiongezea miaka mitano mizima. Akarudi nyumbani, akawaonyesha wake wa mashemeji zake ile kadi, akaketi. Tangu siku hiyo maji yakachotwa na mwingine. Mpaka leo anasema serikali haijawahi kumpa kitu kizuri kama kile.

Mungu alimpa mtoto mmoja, Okemwa. Kijana alikuwa Homa Bay, ananunua samaki ufuoni asubuhi na kuwauzia wenye hoteli, na ikifika mchana anahamia baa mpaka afukuzwe. Mikono myepesi kwa kazi, moyo mzuri, koo baya. Truphena ni Msabato wa kufa na kupona, tena shemasi, na kila Jumatano ya maombi alipoinuka, kanisa zima lilijua ombi kabla hajafungua kinywa. Mimi ni Mkatoliki, lakini kibanda changu kinatazamana na kanisa lao, kwa hiyo nimemsikia akimlilia Mungu kuhusu koo hilo tangu Okemwa hajaota ndevu vizuri.

Ndipo korona ikaingia. Serikali ikafunga shule, ikafunga makanisa, ikaleta kafyu, ikatuvisha barakoa. Soko zima tulinung'unika. Mimi mwenyewe niliitukana serikali mpaka barakoa ikalowa mate. Kisha ikafunga na baa, na baada ya wiki kadhaa Okemwa akapiga simu. Truphena aliiweka kwa sauti kubwa, kwa hiyo niliyasikia yote.

"Mama, mwanzoni nilikasirika. Halafu nikalala tu. Halafu juzi nikaamka asubuhi, kichwa kimetulia, nikasikia ndege wanaimba. Mama, hao ndege wamekuwa hapo miaka yote?"

"Wamekuwa, baba."

"Basi nataka kubatizwa. Lakini nataka uwepo, unione nikiingia kwa maji."

Alilia juu ya ndizi zake bila kujali wateja. Kesho yake alikuja sokoni amevaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Moja ni ya sheria, hii nyingine ni ya shukrani." Ukimsema waziri mbele yake, hata chifu, mlikuwa mnakosana. Aliapa kwamba kile ambacho yeye na kanisa zima walishindwa kwa magoti, serikali ilikimaliza kwa kufuli.

Mapenzi hayo yalidumu mpaka makanisa yalipofunguliwa. Sheria ilikuja na masharti: watu wasizidi mia, ibada ya saa moja, watoto wabaki nyumbani, na aliyepita miaka hamsini na minane asionekane. Mlangoni akawekwa mzee wa kanisa, Arasa, karani wa ofisi moja hapa mjini, mtu wa kunyoosha tai hata akienda chooni. Sabato ya kwanza alisimama na kipima joto mkononi. Truphena alifika na gauni jipya.

"Mama Okemwa, kitambulisho," Arasa akasema.

"Arasa, wewe hunijui?"

"Nakujua. Ndiyo maana nakiomba."

Akakisoma, akakirudisha. "Sitini na miwili. Rudi nyumbani mama, ibada utaifuata kwa simu."

"Hiyo miaka ni ya uongo! Mimi niko na hamsini na saba!"

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja akapaza sauti: "Si juzi kwa matanga ya Nyamusi ulisema wewe ndiye mkubwa wetu, ukachukua paja la kuku?"

"Hiyo ilikuwa matanga!" Truphena akamgeukia Arasa. "Na wewe je? Wewe ulinivusha mto kwa mgongo nikienda darasa la kwanza, na ulikuwa tayari na ndevu! Leo uko na miaka ngapi?"

"Hamsini na sita," Arasa akasema bila kupepesa macho.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kila mtu mjini alijua kwamba Arasa alijipunguzia miaka ili asistaafishwe mapema. Basi aliyejiongeza akafungiwa nje, na aliyejipunguza akawa ndiye mfungaji. Arasa alimminyia Truphena sanitaiza viganjani kwa heshima zote, akamwonyesha barabara.

Aliporudi kibandani, ile barakoa ya shukrani alikuwa ameshaivua. Alisema maneno kuhusu serikali ambayo siwezi kuyaandika, na Msabato hapaswi kuyajua. Tatizo halikuwa kukosa kiti kanisani. Arasa alikuwa radhi Okemwa abatizwe hata Sabato iliyofuata, mbele ya mashahidi wachache wasio wazee. Okemwa ndiye aliyekataa. "Bila mama, siingii majini," akasema, na mtoto wa Truphena akisema jambo, amesema. Na sasa uvumi ulikuwa umeenea kwamba baa zitafunguliwa mwisho wa mwezi.

"Edith," akaniambia, "zikifunguliwa kabla hajazamishwa, nimempoteza. Namjua. Mtoto akiwa mkavu, baa itamchukua."

Aliyeleta njia ni Magige, Mkuria anayetuletea vitunguu kutoka upande wa Tanzania. Nyumba yake iko Isebania, imeupa mpaka mgongo. Alituambia kwamba ng'ambo makanisa yamejaa, wazee wameketi mbele, hakuna anayepimwa joto. Soko likagawanyika papo hapo. Wengine wakasema Watanzania ni mashujaa, wengine wakasema watakwisha. Magige akasema kule nako wanabishana vilevile: wapo wanaosema Wakenya tuna akili, na wapo wanaosema tumetishwa na chafya. Truphena hakutaka siasa. Aliuliza swali moja tu: "Huko wana maji?"

Okemwa alikuja Ijumaa, na Sabato asubuhi tukaondoka. Mimi nilikwenda kwa ajili ya urafiki, na pia kwa ajili ya vitenge, sitaficha. Tulipofika kwa Magige, alitukagua barakoa kama mwalimu wa zamu, maana polisi walikuwa barabarani. Tukapita nyuma ya zizi lake, tukaingia kwenye mahindi, tukafika kwenye jiwe la mpaka. Magige akavuka, akageuka, akasema: "Sasa toeni hizo vitu haraka, mtaniaibisha."

Mlangoni mwa kanisa tukapokewa na kijana mwenye tabasamu. "Shikamoo mama. Mbona huyu wa nyuma amejifunga mdomo, anaumwa?"

Wa nyuma nilikuwa mimi, nilikuwa nimesahau kuivua.

"Marahaba," Truphena akasema. "Haumwi. Ni Mkenya."

Wakampeleka mstari wa mbele, mahali pa wazee. Hakumsahihisha mtu. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, watu wameshikana mabega wanaimba, na mimi nikiwa katikati nilivuta pumzi kidogo kidogo, kama mtu anayepita karibu na choo. Baada ya ibada, dada yake Magige anayeitwa Nyangi, aliyeolewa upande huo, alitukaribisha kwake tupate uji kabla ya ubatizo. Akatuvuta nyuma ya jiko, akaangalia huku na huku.

"Mama," akamnong'oneza Truphena, "hizo barakoa zenu, hamwezi kuniachia? Mume wangu akiwa barazani anasema ugonjwa huu ni porojo. Akiingia ndani anatufukiza majani mpaka watoto wanalia, na mama yake mzazi hamruhusu hata kutoka uani."

Truphena akamwachia zote, hata yangu. Njiani nilifikiri: kumbe kwetu tunatii hadharani tukivunja kwa siri, na wao wanavunja hadharani wakitii kwa siri. Sikuona ni nani wa kumcheka mwenzake.

Mambo yaliharibikia kijitoni. Mchungaji wa pale, mtu mpole, alisema hawezi kumzamisha mtu asiyejulikana. Lazima mzee wa kanisa la nyumbani amshuhudie. Truphena aliketi kwenye nyasi na gauni lake jipya. Okemwa alisimama kando yake amevaa kanzu nyeupe ya kuazima iliyomfika magotini, akisema, "Basi mama, tutarudi siku nyingine," na sisi sote tulijua siku nyingine ingekuwa na baa ndani yake.

Hapo ndipo kwaya ilipoanza kuimba, na sauti moja nzito ikasikika nyuma ya wengine wote. Truphena akainua kichwa. Aliijua sauti ile. Alipenya kwenye umati, nami nyuma yake, tukamkuta Arasa, bila tai, bila barakoa, macho amefumba, mdomo wazi, anaimba.

"Mzee Arasa," akasema, "na mlango umemwachia nani?"

Arasa nusura aanguke. "Nilisema naenda kumwona mgonjwa." Halafu uso wake ukabadilika, nikamwonea huruma, mimi niliyekuwa nimejiandaa kumzomea. "Mama Okemwa, tangu tufungue kanisa sijaimba hata wimbo mmoja. Nahesabu watu tu. Wakifika mia nafunga mlango, na mimi nabaki nje na hiyo kitu ya joto."

Nilidhani atamrarua. Truphena akamrekebishia kola ya shati.

"Pole. Sasa umeimba. Nenda useme unamjua mwanangu."

"Nikisema, watu wa nyumbani watajua nilikuwa hapa."

"Usiposema, watajua pia. Nitawaambia mimi."

Arasa akaenda. Na nimpe haki yake: alimsemea Okemwa vizuri, akaeleza maombi ya mama yake ya miaka yote, hata mchungaji akafuta macho.

Okemwa ni mtu mnene. Mchungaji na shemasi walisaidiana kumlaza majini, na alipoinuliwa alitoka akikohoa kwa nguvu, maji yamempalia. Sisi wa kutoka Kenya, mimi, Magige na Arasa, tuliruka nyuma kwa pamoja bila kuambiana. Watanzania walicheka mpaka wimbo ukakatika. Truphena hakuruka. Aliingia kijitoni na viatu vyake, akamkumbatia akiwa angali anakohoa, uso wake kwenye kifua chake kilicholowa, wakasimama hivyo mpaka mchungaji akawaomba watoke, kuna wengine wanasubiri.

Baa zilifunguliwa wiki iliyofuata. Siku yenyewe Truphena aliniachia ndizi zake asubuhi, hakusema anakwenda wapi. Aliporudi kesho yake ndipo akanisimulia. Alikwenda Homa Bay, akaitafuta ile baa ya mwanawe, akaingia. Yeye, shemasi. Mhudumu alimpima joto, hakumuuliza umri. Akaketi kwenye meza inayotazama mlango, akaagiza soda, akangoja. Wanywaji waliokuwa wameisubiri siku hiyo kwa miezi waliingia kwa vifijo, wakimwona yule mama na Biblia mezani wanapunguza sauti. Wawili waliondoka kabisa.

Jioni jua likiwa bado lipo, Okemwa akatokea. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Nakunywa soda. Na wewe?"

Hakumdanganya. Truphena anasema hilo ndilo lililomshika moyo, kwamba hakumdanganya. "Sijui, mama," akasema. "Miguu ilikuja yenyewe. Nilitaka kuona kama naweza kupita tu."

"Na umeweza?"

"Mpaka mlangoni."

Akaacha soda yake nusu, akamshika mkono, wakaondoka, wakapika ugali na samaki kwake, wakala bila kulizungumzia tena. Kesho yake Okemwa alimsindikiza mpaka stendi.

Nilimuuliza swali ambalo hata wewe ungeuliza. "Sasa Mama Okemwa, angeingia akaagiza, ungefanya nini? Ungemwombea? Ungempiga?"

Alikuwa anazipanga ndizi, zilizoiva mbele na mbichi nyuma. Mama huyu hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, mwaka wowote ule aliozaliwa.

"Ningeinywa mimi," akasema. "Yote. Mpaka baa ikauke."