Kikombe cha Damas

Zamani, katika njia hii ya misafara ya Unyamwezi, mtu alichanja kifua chake ili damu yake imwingie mgeni wawe ndugu. Siku hizi hapa mtaani Ng'ambo, Tabora, watu wananyolewa kwa wembe mmoja, kisha wanaogopana kikombe.

Damas alikuwa mtu wa zamani ile, ingawa aliikuta imeshachakaa. Ujanani, akiwa kibarua wa reli pale Tura, alichanjiana na Lukumani, mwenzake wa kushindilia kokoto. Mzee Ng'washi aliwachanja wote wawili kwa kisu kimoja, akampaka huyu damu ya yule. Tangu hapo walikula pamoja na kuzikiana wazazi. Lukumani alikufa kijana kwao Kigwa, macho ya njano kama binzari, tumbo limejaa maji. Watu wakasema amerogwa. Wakamtafuta mchawi na wakampata, kwa maana mchawi akitafutwa hakosekani.

Alipostaafu, Damas alihamia Tabora mjini, na jioni zake akazipeleka barazani kwa Badrudin, muuza vitenge. Hapo Festo aliuza kahawa, akisuuza vikombe vyote kwenye ndoo moja ambayo maji yake yalikuwa meusi kuliko kahawa yenyewe. Ubavuni palikuwa na kiti cha Nurdini kinyozi, aliyerithi wembe wa kukunja kutoka kwa babu yake. Ukimwacha mkewe, Damas hakuwa na utajiri mwingine ila watu hao watatu.

Mwaka jana Gulzar, mke wa Badrudin, alitakiwa kufanyiwa upasuaji, na hospitali ikaomba ndugu wachangie damu. Ndugu wengi walikuwa na safari. Damas hakuwa na safari.

Alitolewa damu kidogo ya kupima, kisha nesi mmoja, Mektilda, akamwita pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hamjaichukua yote?"

"Baba, damu yako ina virusi vya homa ya ini, ile aina ya B. Hatuwezi kumpa mgonjwa."

"Nimeitoa wapi?"

"Hatuwezi kujua. Inapita kwenye damu na kwenye kujamiiana, na mama humwambukiza mtoto anapojifungua. Sindano, wembe, hata mswaki wa kuchangia. Umewahi kuchanjwa chale?"

Damas akafunika kifua kwa kiganja, kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu.

"Na kikombe je? Sahani?"

"Hapana, baba. Wala kupeana mikono. Ipo homa ya ini nyingine, ya maji machafu na mikono isiyonawa, lakini siyo hii yako. Mlete mama apimwe. Akiwa hana, achanjwe, chanjo ipo. Wewe utakuwa unakuja tuliangalie ini. Na pombe, basi tena."

Mkewe Getruda alipimwa, akakutwa hana, akaanza kudungwa sindano za chanjo. Jioni ile alitenga ugali kwenye sinia moja kama kawaida. Damas akasita kunyoosha mkono.

"Kula, mwanamume wewe," Getruda akamwambia. "Ulikuwa hunionei kinyaa ulipokuwa mzima, leo ndiyo unanionea haya?"

Damas angeweza kunyamaza. Lakini alilelewa kwamba ndugu hafichwi jambo, akaenda barazani akawaeleza wote, neno kwa neno: mkapimwe, mkachanjwe, na wewe Nurdini, kila kichwa wembe wake mpya.

Badrudin akacheka.

"Mimi nikapime nini, bwana? Kila asubuhi nakunywa tangawizi."

"Na wewe mgonjwa ndiye wa kunifundisha usafi?" Nurdini akadakia. "Wembe huu umenyoa mpaka wazee wa mahakama. Umesikia mmoja amelalamika?"

"Wa makaburini hawalalamiki," Damas alisema.

Kesho yake alikuta kikombe cha bluu kimening'inizwa kwenye msumari, peke yake. Festo alikiosha kwa sabuni na maji ya moto, akakishika kwa kitambaa. Hivyo ikawa kwamba mgonjwa ndiye aliyekunywa kwenye kikombe kisafi kuliko vyote barazani. Badrudin, aliyekuwa tayari kuipokea damu yake kwa ajili ya mke wake, sasa alimsalimia kwa kiwiko.

Damas alivumilia wiki kadhaa. Mwisho akanunua boksi la nyembe mpya, kila mmoja ndani ya karatasi yake, akalipeleka Ijumaa kabla ya sala. Nurdini alikuwa akimnyoa Badrudin; Festo alisubiri zamu yake. Wembe ulikuwa umemchana Badrudin nyuma ya sikio, damu ikachuruzika.

"Nurdini, ndugu yangu, hizi hapa. Hazijafunguliwa."

Nurdini alilitazama lile boksi, kisha mkono uliolishika.

"Weka chini hapo. Mbali kidogo."

Damas akaliweka. Nurdini akalisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka kwenye mtaro, akaufuta wembe wa babu yake kwenye kitambaa alichofutia vichwa vyote, akamwambia Badrudin ainuke.

"Usiondoke bila kahawa, Damas!" Badrudin akaita, akibonyeza sikio lake kwa kidole. "Kikombe chako kipo, tumekitunza!"

Damas alitazama nyuma mara moja tu. Festo alikuwa ameshaketi kwenye kile kiti, ameinamisha kichwa. Hakurudi tena barazani; hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyowaona.