Firigisi ya Aliyetoka Mbali

Siku tulipomzika mke wangu, mzee mmoja aliyewahi kuwa kwenye kamati ya kijiji alisimama kusoma wasifu. Akasema marehemu alijitolea kutoa sufuria na mabenchi yake ili kijiji kipate mgahawa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikaa kimya, maana msibani hatugombani. Sasa matanga yameisha, naandika. Hakujitolea. Vitu vilichukuliwa, na mimi nilikuwepo.

Alikuwa na hoteli kando ya barabara ya kutoka Manyoni kuja Singida mjini. Msiifikirie kubwa. Ilikuwa kibanda cha nyasi, mabenchi matatu na mafiga. Alipika ugali wa uwele, mlenda na kuku. Malori yalisimama pale kwa sababu chakula kilikuwa tayari saa ambayo dereva ana njaa, si saa nyingine.

Alikuwa na desturi moja. Kwetu firigisi hupewa mwanamume mwenye nyumba au mgeni wa heshima. Yeye hotelini alimpa aliyetoka mbali kuliko wote. Kabla hajapakua aliuliza, "Umetoka wapi, baba?" Madereva walishindana kudanganya. Mmoja alimwambia, "Mama, mimi leo nimetoka ahera." Akamjibu, "Basi umeshakula huko. Mwingine?"

Siku moja mwenyekiti wa kijiji alimleta mgeni kutoka wilayani, mtu wa suruali iliyopigwa pasi. Pembeni yao alikaa dereva aliyetoka Tabora, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Mke wangu akauliza kama kawaida yake, halafu akaweka firigisi kwenye sahani ya dereva.

"Mama," mwenyekiti akasema, "huyu ndugu unamjua ni nani?"

"Namjua, ndugu mwenyekiti. Ametoka Singida. Huyu ametoka Tabora."

Watu walicheka. Yule mgeni naye alicheka, na mchuzi aliumaliza. Mwenyekiti hakucheka.

Haikupita mwezi tukaitwa mkutanoni. Mwenyekiti akasema hoteli ya mtu binafsi ni unyonyaji, kijiji cha ujamaa kinatakiwa kuwa na mgahawa wake. "Mtu mmoja anapika, wengine wanakula. Faida inakwenda wapi?"

"Tumboni!" bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. Akaambiwa anyamaze.

Mimi ujamaa niliuamini, na sehemu yake kubwa naiamini mpaka leo. Kisima tulichimba pamoja na maji yake tulikunywa sote. Lakini siku ile nilijua kabisa kwamba hatuzungumzii ujamaa. Tulikuwa tunazungumzia firigisi. Mwenyekiti akasema wanaokubali wainue mikono. Niliinua wangu. Hakuna aliyenishika kiwiko.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amechinja kuku. Hakwenda mkutanoni, alikuwa na wateja, lakini habari zilinitangulia. Akanitazama, akauliza, "Umetoka wapi?"

"Mkutanoni."

"Si mbali," akasema, akampelekea firigisi jirani yetu mgonjwa.

Mgahawa wa kijiji ukaanza palepale, kwa sufuria zilezile. Kamati ikaamua kila nyumba kumi zipike wiki moja, halafu zipokezane, ili asiwepo anayejiona bingwa. Mke wangu, aliyejua dereva wa asubuhi anataka nini na wa mchana anataka nini, akapangiwa palizi kwenye shamba la karanga la kijiji. Moto uliwashwa baada ya kengele ya kutoka shamba. Dereva gani anangoja kengele? Kuku walitakiwa kuchangwa nyumba kwa nyumba, watu wakawaficha chini ya vitanda. Na firigisi zote ziliwekwa kwenye bakuli lililofunikwa, za wanakamati. Malori yakawa yanapunguza mwendo, madereva wanachungulia, halafu wanaongeza.

Kabla mvua hazijakatika, mgahawa ulikufa. Mwenyekiti akasema wanawake wa hapa hawajui biashara ya chakula. Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliyeijua alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake, ameshika jembe.

Wakaja kurudisha sufuria, moja tu, imetoboka ubavuni. Mwenyekiti akasema kwa sauti laini, "Mama, unaweza kufungua tena. Tumeruhusu."

"Asante, ndugu mwenyekiti," akajibu, akaipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa zawadi.

Mwenyekiti alipokwisha kuondoka, mke wangu akanigeukia. "Nikifungua, halafu wakaitisha mkutano mwingine, wewe utafanyaje?"

Nilitaka kumwambia sitainua mkono. Lakini nilimwona mwenyekiti bado yuko njiani, mgongo wake unaonekana, na nikajikuta napunguza sauti kabla hata sijafungua kinywa. Yeye alisubiri. Alisubiri muda wa kutosha, sitamsingizia. Kisha akajaza majani makavu kwenye sufuria, akaiweka kwenye kona ya banda la kuku.

Hakufungua tena. Sufuria wanayosema alijitolea kuitoa bado ipo bandani. Asubuhi ya leo nimekuta mayai mawili ndani yake.