Aliyemwamkia Mama Yangu Kupitia Kamera

Saa nane mchana, mwanaume nisiyemjua alimwamkia mama yangu sebuleni kwangu. Na sebuleni mama alikuwa peke yake.

Mimi nilikuwa ofisini Mtumba, namchungulia kwa kamera kwenye simu.

"Shikamoo mama," sauti yake ikatoka kwenye spika ya kamera.

Mama akaitazama kamera, akatabasamu. "Marahaba baba. Leo umechelewa!"

Umechelewa?

Naitwa Anyesi. Mama alitoka Mlali, akaja kwangu Ilazo kutibiwa presha. Ili nimwone nikiwa kazini, nikafunga kamera yenye spika. Halafu nikaingia kwenye ruta, kile kifaa cha intaneti ya nyumbani, nikatoboa ule ukuta wake wa ulinzi, yaani nikafungua poti ili kamera ifikike kutoka nje.

Nurdini, mtu wetu wa IT, alinionya. "Dada, ruhusu anwani ya intaneti ya ofisini tu. Na hiyo pasiwedi ya kiwandani badilisha."

Nikamwona mjuaji. Video si inafunguka, shida iko wapi?

Shida ndiyo hiyo sasa, inaongea na mama yangu.

"Mama, dada kamtuma fundi umeme. Yuko hapo mlangoni, mfungulie."

Mama akashika mkongojo wake, akainuka.

Nikampigia. Simu yake ikaita chumbani, iko chaji. Nikampigia Iddy, jirani yangu mchomelea mageti. "Iddy, kimbia kwangu, wezi!"

Nurdini, aliyenisikia, alishaingia kwenye ruta yangu kwa kompyuta yake. "Niifunge poti?"

"Ngoja kwanza!" Akifunga, na mimi nampoteza mama.

Nikabonyeza kitufe cha kuongea. Ofisi nzima iligeuka.

"Mama usifungue! Kaa chini!"

Akakunja uso. "Nani wewe unanifokea bila hata salamu? Mwenzako huniamkia kila siku."

Ile spika inakwaruza, hakunijua. Akaendelea kwenda mlangoni. Jamani! Mkono ukafika kwenye komeo.

"Shikamoo mama! Ni mimi Anyesi! Shikamoo!"

Akasimama hapohapo.

"Marahaba," akajibu taratibu. "Anyesi? Leo ndo umekumbuka kuniamkia?"

Kupitia kamera nikasikia Iddy anafoka nje ya mlango, kisha pikipiki ikaondoka mbio. Nilipohakikisha Iddy yuko na mama, nikamwambia Nurdini afunge.

Nilifika nyumbani nalia, nikapiga magoti mbele ya mama. Nikamweleza yule ni mwizi, alikuwa akimchunguza, hadi saa zangu za kurudi anazijua.

"Nilimwambia mimi," mama akasema. "Aliniuliza vizuri tu."

Akaitazama tena ile kamera.

"Siku tisa alikuwa ananiuliza nimelalaje. Sasa kesho ataniuliza nani?"

Naona aibu mpaka leo ninapoandika.

Wewe unayesoma, badilisha hiyo pasiwedi sasa hivi, na poti usiyoitumia izibe. Mimi nilimwachia mwizi nafasi mbili. Moja kwenye ruta. Nyingine kwa mama yangu, kila asubuhi nilipompita macho yakiwa kwenye simu.